Mdundo wa Tatu

Mdundo wa kwanza sikuuona.
Niliusikia tu,
kama mtu aliyeangusha gunia la ngano ghalani
akajifanya si yeye.
Nilikuwa nimeinama, namimina maji ya moto
katika kibuyu cha chai yetu chungu,
birika mkononi, redio kwapani,
na Nélida Iturralde, mfamasia wa mji,
miaka hamsini na miwili,
alikuwa peke yake angani
kwa mara ya tatu maishani mwake.

Nilipoinua kichwa ndege ilikuwa juu tena,
kimo cha mlango, pua imeinuka,
ikiyumba kama mtu anayepapasa funguo mifukoni.

Kudunda si kosa.
Mimi nilidunda. Baba yangu alidunda.
Hata tero, ndege wale wapayukaji
wenye viota kando ya njia yetu ya majani,
hutua wakijikwaa.
Kosa ni kuikimbiza ardhi.
Nimelisema hilo mpaka chaki zimekwisha:
usiisukume pua, ardhi haina miguu,
haitakutoroka.
Shikilia. Tia moto. Zunguka, urudi.

Maneno yalikuwa mdomoni.
Redio ilikuwa kwapani.

Akaisukuma.

Mdundo wa pili niliuona wote:
gurudumu la pua likatangulia,
likagonga udongo mkavu wa Februari,
ndege ikarushwa juu kama mpanda farasi
aliyekosana na farasi wake,
maji yakanimwagikia kidoleni,
na ndipo, ndipo tu,
kidole kikakipata kitufe.

"Néli..."

Wa tatu haukuwa mdundo.
Mguu wa mbele ulijikunja kama kiti cha bustani,
rafadha ikalima matuta manne majanini,
kila moja fupi kuliko lililotangulia,
ikasimama, ncha zimepinda
kama masikio ya mbwa mzee.
Vumbi.
Tero wenyewe walinyamaza.

Nikakimbia mita mia tatu
kwa magoti ya miaka sitini na minane.
Mlango ukafunguka kabla sijafika.
Akashuka na kiatu kimoja,
uzi wa damu mdomoni,
orodha ya ukaguzi bado mkononi.
"Nimefunga mafuta," akasema. "Nimezima umeme.
Samahani, Baigorria. Nimekuvunjia ndege."

Jioni ile, fomu.
Kisanduku cha sababu kina upana wa vidole viwili.
Akakijaza mwenyewe,
kwa mwandiko wa mtu aliyezoea
kuwasomea wengine mwandiko wa madaktari:
Nilisukuma usukani mbele.
Kweli tupu.
Chini yake, mstari wa mwalimu.
Nilikaa na kalamu mpaka taa ya karakana
ikajaa wadudu.
Fomu haina kisanduku cha birika.
Nikatia sahihi.

Kati ya mdundo wa kwanza na wa tatu
kuna sekunde nne.
Nazihesabu tangu siku hiyo, mezani, kitandani,
kinyozi akininyoa shingo.
Mbili zatosha kusema neno.
Mbili nilizimimina.

Maji yakimwagika hayazoleki, sawa,
lakini huacha lengelenge,
na mji wetu una duka moja la dawa.
Jumatatu nikasimama mbele ya meza yake.
Mdomo wake ulikuwa na nyuzi tatu za mshono.
Akakishika kidole changu, akakigeuza
kwenye mwanga wa dirisha.

"Umeungua na nini?"
"Chai."
"Lini?"

Nyuma yangu mama mmoja alikuwa akibembeleza mtoto mwenye kikohozi.
Ningeweza kusema jana.

"Jumamosi," nikasema. "Saa nne na robo."

Hakuniachia kidole mara moja.
Kisha akashusha kopo la marhamu kutoka rafu ya juu,
akabandika karatasi, akaandika kwa herufi kubwa:
mara mbili kwa siku, usiache mapema.
Akanitoza bei kamili.
Akahesabu chenji polepole, sarafu moja moja,
akazipanga kwenye kioo kati yetu,
nami nikazisubiri zote.